Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kufunga ekseli ya nyuma ya mtumba yenye difu loki (Tanga na jirani)

Haya ni maswali yanayorudi kila masika yakikaribia, pale watu wa Pangani, Amani na kule juu Lushoto wanapokumbuka magari yao yalivyolala kwenye tope mwaka uliopita. Nimeyapanga kuanzia ya kawaida mpaka yale ya kuumiza kichwa. Soma lote kabla hujampigia muuza spea wa Gerezani, Dar, akuwekee mzigo, sehemu ya kununua ndio inaokoa hela kuliko zote.

## Ya mwanzo kabisa

Difu loki inafanya nini ambacho fowili haifanyi?

Difu ya kawaida inaruhusu tairi mbili za ekseli moja zizunguke kwa spidi tofauti, maana ukikata kona tairi ya nje inatembea njia ndefu kuliko ya ndani. Ubaya wake ni kwamba nguvu inakimbilia kwenye wepesi. Tairi moja ikining'inia au ikikanyaga ute, hiyo ndio inazunguka kama feni na mwenzake mwenye mshiko ametulia tu. Ukiweka fowili (gari kuvuta kwa tairi zote nne) umeongeza ekseli ya mbele lakini nayo ina difu ya aina hiyo hiyo, kwahiyo tairi moja ya mbele na moja ya nyuma zikikosa mshiko gari imekwisha, haiendi, hata uweke gia ndogo kiasi gani.

Loki inazifunga shafti mbili za nyuma ziwe kitu kimoja. Tairi moja iko hewani, sawa, ya pili bado inasukuma. Ni hivyo tu, hamna uchawi mwingine.

Gari yangu tayari ina difu loki, kuna lever imeandikwa kabisa. Si ndio hiyo?

Mara nyingi siyo. Land Rover Defender, Prado nyingi na Land Cruiser 80 za fowili ya muda wote zina loki ya katikati, ile inayofunga propela (shafti ndefu za chini ya gari) ya mbele na ya nyuma zizunguke pamoja. Hiyo haigusi kabisa difu ya nyuma. Ukiifunga umebaki na gari ya fowili ya kawaida, na lile tatizo la swali la juu liko pale pale. Loki ya nyuma ina swichi yake na taa yake yenye mchoro wa ekseli wenye alama ya X nyuma.

Na LSD je?

LSD ni difu ya aina nyingine (limited slip), inapunguza tairi kuteleza kwa kutumia sahani zinazosuguana ndani, inasaidia kwenye utelezi wa wastani lakini tairi ikiwa hewani kabisa inasaidia kidogo sana. Halafu nyingi za mtumba sahani zimeshalika, kwahiyo unanunua jina tu. Kuna wauzaji wanaiita LSD "loki" kwa nia njema kabisa, angalia swali la kujaribu kabla ya kulipa.

Kweli naihitaji? Natembea Tanga, Muheza, mara moja moja Pangani.

Kama njia yako ni lami na vumbi la kawaida, huihitaji. Nunua tairi nzuri za matope, jifunze kupunguza upepo, beba koleo na kamba ya kuvutia, hapo umeshamaliza matatizo yako mengi kwa hela ndogo. Wanaoihitaji ni wanaopanda Amani na mzigo mvua ikinyesha, wale wa njia za ndani ya mashamba ya mkonge ambako trekta zimeshachimba mitaro miwili mirefu, wanaopita udongo mweusi kuelekea Mkwaja na Saadani, na wale wa Mtae na Mlalo ambako njia ina mawe na tairi inainuka mara kwa mara. Sehemu hizo tairi nzuri tu hazitoshi kwasababu shida siyo mshiko, shida ni tairi kutogusa chini.

Kwanini nibebe ekseli nzima? Si ninunue loki niweke kwenye difu yangu?

Inawezekana, loki mpya za upepo za ARB zipo na zinafungwa ndani ya difu yako ile ile. Ila unalipia loki, unalipia kompresa, unalipia usafiri, halafu unahitaji fundi anayejua kupanga krauni na pinioni (gia kubwa na gia ndogo zinazokutana ndani ya difu) kwa geji ya saa, siyo kwa sikio. Mafundi hao wapo lakini wachache, na wakikosea difu inalia mpaka inakufa.

Ekseli nzima iliyochinjwa kwenye gari lililopata ajali inakuja na krauni na pinioni zilizopangwa kiwandani na zimeshazoeana. Hufungui ndani. Kazi yako inakuwa ya vyuma vya nje, pedi za spring, breki, propela na waya, vitu ambavyo fundi mzuri wa Ngamiani au Makorora anavimudu. Mimi kwa gari ya kazi nachagua njia hii, mradi vipimo vikubali. Visipokubali, loki mpya inakuwa rahisi kuliko unavyofikiri.

## Kutafuta na kununua

Ekseli zenye loki ya kiwandani zinatoka kwenye magari gani?

Kwa Toyota: Land Cruiser 80, yale mashangingi ya miaka ya 90, baadhi zilikuja na loki ya umeme nyuma na mbele. Land Cruiser 70, yaani mikonga, baadhi. Hilux, Hilux Surf na Prado za 90 baadhi zina loki ya umeme kwenye difu ya inchi 8 (huo ni upana wa krauni). Hiyo ya 80 ni ya inchi 9.5, kubwa na ngumu zaidi. Nissan Patrol Y60 na Y61 zina loki ya nyuma ya vakyumu, Pajero zipo zenye loki ya upepo. Neno la kushika hapo ni "baadhi". Gari mbili za mwaka mmoja na rangi moja, moja inayo nyingine haina.

Ukilikuta gari lenyewe bado halijachinjwa, tazama lile bamba la chasisi kwenye chumba cha injini. Lina sehemu ya msimbo (code) wa ekseli, na muuzaji mzuri wa spea anaweza kuutafuta msimbo huo kwenye kompyuta akakwambia ni difu gani, rejio gani (yaani propela inazunguka mara ngapi tairi zikizunguka mara moja).

Ipi inakubali kwenye gari yangu?

Ya mkonga kwenye mkonga ndio raha, karibu kila kitu kinalingana ila angalia miaka, kuanzia 1999 zile 78 na 79 zilihamia nati tano na za zamani ni nati sita. Ya Surf kwenye Hilux ya zamani ya spring za majani inakubali kwa kazi ya wastani, unakata mabano ya koili unachomelea pedi za spring, na ekseli za Surf mpya ni pana kidogo. Ya 80 chini ya mkonga wa zamani watu wanaipenda sana kwa ukubwa wake lakini ni pana zaidi, tairi zinatoka nje ya bodi na za mbele zinabaki ndani, utaishia kununua fenda pana na rimu tofauti au kubadilisha na ya mbele pia. Mimi siishauri kama huna mpango wa kubadilisha zote mbili.

Napima nini kabla sijatoa hela?

Futi na karatasi. Pima kwanza ya kwako ukiwa nyumbani, andika, ndio uende.

Upana, kutoka uso wa hab mpaka uso wa hab, pale rimu inapokaa. Tofauti ya sentimita mbili tatu kwa jumla unaishi nayo, ikizidi hapo fikiria mara mbili. Halafu difu yenyewe imekaa wapi, katikati au imesogea upande, kwasababu ikisogea upande usio wa kwako propela itakwenda mshazari na krosi (jointi za miisho ya propela) hazitadumu. Umbali kati ya pedi za spring, toka katikati ya moja mpaka ya pili, na upana wa spring zako. Unene wa bomba la ekseli, huo unaamua yubolti (bolti za umbo la U zinazoshika ekseli kwenye spring) utakazonunua. Idadi ya nati za tairi na nafasi zake. Flenji ya pinioni, pale propela inapofungwa kwenye difu, matundu mangapi na yamekaa kwa vipimo gani, hapa wengi wanapuuza maana zote zina matundu manne na kwa macho zinafanana kabisa, ukifika nyumbani unakuta zimepishana milimita sita na bolti haziingii. Breki ni dramu au diski. Na mwisho rejio, ambayo nimeipa swali lake.

Kama muuzaji yuko Dar na wewe uko Tanga usikubali picha tu, mwambie aweke futi juu ya ekseli ndio apige picha. Anayekataa kufanya hivyo hajakataa bure.

Rejio naijuaje bila kufungua difu?

Ikiwa chini ya gari: toa gia, inua tairi zote mbili za nyuma, piga alama ya chaki kwenye propela na kwenye tairi. Mtu mmoja ashikilie tairi ya kushoto isizunguke kabisa, wewe zungusha ya kulia mizunguko miwili kamili, hesabu propela imezunguka mara ngapi. Mara nne na ushee kidogo ni 4.10, karibu tano ni 4.88. Kwa uhakika zaidi zungusha mizunguko 20 ya tairi, hapo ukipata 41 ni 4.10, ukipata 43 ni 4.30, hamna kubahatisha.

Ikiwa iko chini gereji imelala, mbinu ni ile ile, flenji ya pinioni ndio propela yako. Loki ikiwa imefunga, zungusha hab mara moja tu badala ya mbili.

Ya mbele 4.30 na hii ya nyuma 4.10, si kidogo tu hiyo?

Siyo kidogo. Ukiweka fowili, propela mbili zinafungwa zizunguke sawa wakati ekseli zinataka tofauti ya karibu asilimia 5. Kwenye tope tairi zitateleza na hutajua, ukipanda sehemu kavu mfumo mzima unajikaza, usukani unakuwa mzito, gia ya fowili inagoma kutoka, na siku moja kitu kinapasuka, mara nyingi transfa (gia boksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma). Tofauti ya 4.10 na 4.11 haina neno. Zaidi ya hapo, badilisha na difu ya mbele ilingane au achana na hiyo ekseli.

Usijidanganye kwamba utaitumia tuwili tu. Aliyefunga loki ndiye atakayekuwa wa kwanza kuweka fowili.

Muuzaji anasema loki inafanya kazi. Namjaribuje?

Kwa loki ya umeme utaona kijibox cha mota kimefungwa kwenye difu, na waya zake zinatoka. Mtu mmoja ashike flenji ya pinioni kwa bomba refu isizunguke. Zungusha hab moja. Loki ikiwa imezimwa hab ya pili inazunguka kinyume, vizuri. Sasa peleka umeme wa volti 12 kwenye waya mbili za mota, betri ndogo ya bodaboda inatosha kwa jaribio. Unasikia mota inavuta, mlio mfupi, na ukiendelea kuchezesha hab taratibu unasikia "kak", meno yameingia. Hapo hab haizunguki tena upande wowote. Geuza waya, chanya iwe hasi, loki inatoka. Usiuachie umeme mota ikishafika mwisho wa safari yake, gusa toa gusa toa, ukiukandamiza unaunguza mota ya watu.

Ikiwa umeachia pinioni na hab mbili zinazunguka pamoja upande mmoja kwa uzito uzito hata bila umeme, umeuziwa LSD, au loki imeganda ikiwa imefunga. Za Patrol unavuta vakyumu kwa pampu ya mkono au hata kwa mdomo kwenye kipaipu, kipira cha ndani kama kimepasuka utavuta hewa tu.

Mota isipofanya kazi siyo mwisho, angalia sehemu ya umeme, ila bei ishuke.

Ndani nakaguaje?

Fungua nati ya chini ya kumwagia oili na uweke chombo kisafi. Oili nyeusi ni uzee tu. Oili ya rangi ya chai ya maziwa ina maji, hilo gari lilizama au lilivuka mito bila kipumulio (kitundu cha hewa cha difu) kuvutwa juu, beringi zimeshaanza kula kutu. Nati yenyewe ina sumaku, itoe uipanguse kwa kidole: uji laini wa kijivu ni kawaida, vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni meno ya krauni hayo, rudisha nati msalimie muuzaji uondoke.

Halafu shika flenji ya pinioni uitikise juu chini na ndani nje. Isicheze kabisa. Kuizungusha kidogo kabla krauni haijaanza kwenda ni kawaida, nafasi ya meno kwenye difu za Toyota huwa kama milimita 0.13 mpaka 0.20 pale kwenye krauni kwahiyo ni kidogo mno, mkono unaihisi tu. Ikizunguka mpaka jicho linaona vizuri, imelika.

Ekseli imekaa gereji ya karibu na bahari, imejaa kutu. Niache?

Kutu ya juu juu ya rangi ya chungwa haina tatizo, brashi ya waya na rangi. Gonga bomba kwa nyundo ndogo urefu wote, sauti ibaki ile ile ya kulia. Panapotoa sauti ya kufa au panapobonyea, acha. Angalia sana chini ya pedi za spring, chumvi na mchanga vinajificha hapo miaka. Pia bomba lililopinda: weka ubao ulionyooka au vuta kamba toka hab hadi hab juu, halafu pembeni, magari haya mengi yamechinjwa kwasababu ya ajali.

Naomba risiti au naonekana mshamba?

Omba. Jina, simu, tarehe, na ikiwezekana nakala ya kadi ya gari iliyochinjwa. Spea za wizi zipo na siku polisi wakija gereji hawamuulizi aliyeiba, wanamuuliza aliyenazo.

## Kazi yenyewe

Inachukua muda gani na nahitaji nini?

Kama vipimo vimekubali na ni ya gari aina ile ile, wikiendi moja na fundi mmoja mzuri na msaidizi. Ikiwa na kuchomelea, kukereza propela na kuwaya, sema wiki na usiahidi mtu safari. Ekseli kamili inazidi kilo mia, usiwe mwenyewe. Chasisi ikae juu ya stendi nzito pande mbili kwenye sakafu ngumu, siyo jeki na tofali, mchanga wa Tanga unatitia.

Ukiwa bado hujaipandisha, badilisha oili sili za pande zote, beringi za tairi, na sili ya pinioni kama inavuja bila kugusa msokoto wa nati yake kiholela. Vyote hivyo ni rahisi ekseli ikiwa chini na ni mateso ikiwa juu.

Nati ya pinioni ina shida gani?

Kwenye difu nyingi kuna kola ndani inayobonyezwa ili beringi za pinioni zikae na mkazo maalum. Ukilegeza nati na kuikaza kwa spana ya hewa mpaka igome, umebonyeza kola zaidi na beringi zinaungua. Ukilazimika, piga alama ya nati na shafti, hesabu nyuzi zilizotokeza, irudishe pale pale. Kwa sababu hiyo hiyo usibadilishe flenji ya difu ili ifanane na propela, badilisha upande wa propela.

Pedi za spring nazichomelea vipi?

Usianze kwa kuchomelea moja kwa moja. Safisha bomba mpaka chuma kiwe cheupe, weka pedi juu ya spring, ekseli iingie, kaza yubolti kidogo, pima toka kila upande mpaka tundu moja la chasisi mbele ili ekseli isikae mshazari. Piga vidoti tu. Shusha gari likae kwa uzito wake kwenye tairi. Hapo ndio unaweka pembe ya pinioni, swali linalofuata. Ikikubali, ndio unachomelea kabisa.

Chomelea vipande vifupi kwa kubadilisha upande, kushoto kidogo, kulia kidogo, uache ipoe, maana ukimaliza upande mmoja wote kwa mpigo bomba linajikunja na shafti zinakula sili kila mwezi. Toa waya wa betri. Klampu ya ethi iwe karibu na unapochomelea, isiwe kwenye hab, umeme ukipita kwenye beringi unaziacha na madoa. Vijiti viwe 7018 na viwe vikavu, hapa pwani vinanyonya unyevu haraka sana, pakiti iliyokaa wazi tangu mwezi jana inatoa weldi yenye vitundu na hutaviona mpaka pedi ing'oke. Toa shafti na sili kwanza, joto linaziua.

Yubolti ziwe mpya. Zile za zamani zimeshavutika. Baada ya siku chache za kutembea zirudie kuzikaza.

Pembe ya pinioni inapangwaje?

Kwa propela yenye krosi moja kila mwisho, flenji ya transfa na flenji ya difu ziwe sambamba. Chukua simu yenye programu ya kupima mteremko au kipimo cha sumaku, weka kwenye flenji ya transfa, soma, halafu zungusha ekseli mpaka ya difu isome sawa. Spring za majani zinajikunja ukikanyaga mafuta na pua ya difu inainuka, kwahiyo iache imeinama digrii moja au mbili chini ya usambamba. Propela yenye krosi pacha upande wa transfa ni hesabu nyingine, hiyo difu inaelekezwa moja kwa moja kwenye propela.

Propela imekuwa fupi, au inagonga.

Pima gari likiwa limekaa kwenye tairi. Ile sehemu ya kuteleza ibaki na nafasi ya kuingia angalau sentimita 3, na bado iwe imeshika meno ya kutosha spring zikilegea mpaka mwisho. Ikipungua au ikizidi nenda kwa fundi mkerezaji aikate au aiongeze kwenye leithi, na aisawazishe. Propela iliyoungwa kwa macho inatetemesha gari lote ukifika kilomita 80 kwa saa.

## Breki na tairi

Breki za ekseli mpya ni diski, zangu dramu. Naunganisha tu?

Paipu utaunganisha, lakini kalipa za diski zinahitaji oili nyingi zaidi na pedali inaweza kushuka chini kuliko ulivyozoea, wakati mwingine lazima ubadilishe masta silinda. Njia nyepesi ni kutafuta ekseli yenye breki aina yako. Kebo za hendibreki karibu kila mara hazitoshei urefu, panga hilo mapema, kwenye vilima vya Lushoto gari bila hendibreki ni hatari kwa wengine siyo kwako tu.

Kuna valvu ya breki ya nyuma inayosoma uzito, ina kifimbo kinachoshuka mpaka kwenye ekseli. Watu wanaiacha inaning'inia. Ikining'inia inadhani gari ni tupu na inanyima breki za nyuma oili, ukiwa na tani ya machungwa unashuka kutoka Amani utaelewa. Chomelea bano lake na uurekebishe urefu. Mpira wa breki wa katikati uwe mrefu wa kutosha ekseli ikining'inia kabisa. Kutoa hewa anza na tairi ya mbali na masta, kwa magari yetu ya usukani wa kulia ni ya nyuma kushoto.

Mbele nati sita nyuma nati tano, inaruhusiwa?

Itatembea. Ila spea tairi yako itafaa upande mmoja tu na pancha inatokea upande mwingine. Usitumie spesa za alumini za bei rahisi kugeuza nati sita kuwa tano kwenye gari la mzigo.

Taa ya ABS imewaka baada ya kufunga.

Sensa za nyuma hazipo au pete zake zina meno tofauti. Kama ekseli mpya ina sensa jaribu kuunganisha, meno yasipolingana ABS itakuwa inakosea, bora fyuzi yake itolewe na dereva ajue hana ABS. Kwa gari la familia mimi ningetafuta ekseli inayolingana.

## Umeme wa loki

Waya nazifungaje?

Ukiweza, beba kila kitu kutoka kwenye gari iliyochinjwa: swichi, kompyuta ndogo ya loki na waya zake. Ile kompyuta inakata umeme mota ikifika mwisho, inamulika taa mpaka meno yaingie, inafanya kazi ukiwa kwenye gia ndogo ya transfa na mwendo wa kutambaa. Wauzaji wengi wameshaitupa, kwahiyo uliza kabla.

Ukiikosa, fundi umeme anatumia rilei mbili za kugeuza chanya na hasi, fyuzi karibu na betri, na swichi za ukaguzi zilizomo ndani ya mota ziwashe taa ya dashibodi. Swichi ya kuwasha iwe na kifuniko, mtoto asiicheze.

Taa inamulika haitulii.

Mota imesukuma lakini meno hayajakutana. Songa mbele taratibu ukichezesha usukani kidogo kushoto kulia, yataingia. Ikiendelea kumulika, swichi ya ndani imeoza au uma unaosukuma meno ya loki umekwama.

Mota imekufa kabisa.

Ifungue. Mara nyingi sumaku zake zilizogundishwa zimebanduka kwa maji na zimekwama ndani, au grisi imekuwa gundi. Safisha, zigundishe upya kwa epoksi inayostahimili joto, grisi mpya, silikoni kwenye mfuniko. Loki isiyotumika ndiyo inayoganda, iwashe kwenye vumbi mara moja kwa mwezi hata kama huna shida nayo.

## Kuendesha na kutunza

Niiwashe lini?

Kabla ya kukwama, gari likiwa limesimama au linatambaa. Ukiiwasha tairi inazunguka kwa kasi unavunja meno. Ikiwa imefunga gari linataka kwenda moja kwa moja, kona inakuwa nzito, na kwenye njia ya ukingo yenye utelezi matako ya gari yanashuka upande wa bonde kwasababu tairi zote mbili za nyuma zinateleza pamoja. Hapo kule Usambara ni pa kuogopa kweli, wakati mwingine kuizima ndio salama. Kwenye lami kavu, kamwe.

Nimeizima haitoki.

Shafti zimejikaza. Rudi nyuma mita chache moja kwa moja, itaachia.

Oili gani?

GL-5, 80W-90 au 85W-90, jaza mpaka ianze kumwagika kwenye tundu la juu gari likiwa sawa. Difu ya 80 inakula lita tatu na kidogo. Oili ya LSD haihitajiki kwenye loki. Ya kwanza imwage mapema, baada ya kama kilomita 1,000, uone sumaku inasemaje. Na kipumulio kivutwe kwa mpira mpaka juu karibu na mdomo wa tangi, difu ya moto ikiingia maji baridi inayanyonya kupitia sili, soma tena habari ya chai ya maziwa.

Inalia nikikanyaga mafuta, nikiachia inanyamaza.

Krauni na pinioni. Ikilia muda wote bila kujali mafuta, beringi. Ikitetemeka badala ya kulia, pembe au propela. Ikigonga "tak" ukibadilisha gia, krosi au yubolti, anza na hizo ndio rahisi.

## Kesi za pembeni

Naweza kuhamisha kichwa cha difu peke yake kwenye hausingi yangu?

Kile cha loki ya umeme cha inchi 8 hakiingii kwenye hausingi ya kawaida bila kusaga mdomo wa hausingi na kubadilisha nafasi za stadi, uma na mota vinahitaji nafasi. Wapo waliofanya na ikakubali. Chuma kilichosagwa kisipotolewa chote kinaingia kwenye beringi, kwahiyo hausingi itolewe ioshwe, usisagie chini ya gari.

Nina Harrier, nina RAV4.

Hapana. Nyuma hakuna ekseli ya bomba, kila tairi inajitegemea.

Shafti ikikatika porini?

Ikiwa ni ya aina ambayo hab inabeba tairi yenyewe, ile yenye kofia na duara la nati katikati ya rimu, unachomoa kipande, unafunika tundu, unafunga loki na kurudi nyumbani kwa shafti iliyobaki. Ikiwa ni ya kawaida tairi linatoka na shafti, hapo ni kuvutwa. Kwa wanaobeba mzigo hii ni sababu nzuri kuliko loki yenyewe ya kuchagua ekseli ya aina ya kwanza.

Kadi ya gari inabadilika? Bima?

Namba ya chasisi na ya injini hazijaguswa, kwahiyo kadi ni ile ile. Bima waambie kwa maandishi, hasa kama gari limekuwa pana zaidi, na weka ile risiti ndani ya faili moja na barua.

Nikishaipenda ya nyuma, niweke na ya mbele?

Tumia ya nyuma masika nzima kwanza. Ya mbele ikifunga usukani unakuwa chuma, na jointi za mbele ni nyembamba kuliko shafti za nyuma, ndizo zinazokatika. Wengi walioniuliza hivi walikuwa hawajawahi hata kushusha upepo wa tairi.